Kila siku nyuzi 4

Saa 11 alfajiri. Mbeya bado giza na dereva ameshapiga honi mara mbili. Leo ni usimamizi shirikishi, yaani kukagua huku unasaidia, zahanati moja tu, juu huko Umalila. Ratiba ilitaka tatu, nikagoma. Zahanati tatu kwa siku ni kusaini kitabu cha wageni na kugeuza gari.

Saa 3. Ukungu, tope, magunia ya viazi kando ya barabara. Muuguzi yuko peke yake, mwenzake yuko likizo ya uzazi. Benchi limejaa wajawazito na watoto wa kliniki, basi nikaweka fomu zangu kando nikashika mzani. Huo ukaguzi wa kusimamisha huduma kwanza sijawahi kuuelewa.

Saa 5 tukafungua MTUHA, vitabu vya kumbukumbu za huduma. Kitabu cha 12, cha wanaojifungua, kiko safi, partografu (chati za kufuatilia uchungu) zipo, oksitosini, dawa ya kuzuia damu kutoka sana baada ya kujifungua, ipo. Nikahamia kwenye friji ya chanjo. Karatasi ya joto mlangoni: asubuhi 4, jioni 4, mwezi mzima, wino uleule. Jioni ya leo nayo imeshajazwa. 4.

Nikachukua kile kidude cha kurekodi joto, kinachotunza kumbukumbu za siku 30. Usiku wa Jumanne kilishuka hadi nyuzi 2 chini ya sifuri. Chanjo inatakiwa kukaa kati ya 2 na 8. Wengi wanaogopa joto, ila huku milimani mwizi ni baridi. Penta, ile chanjo ya watoto ya magonjwa matano, ikiganda imekwisha, na kile kiduara chenye kimraba kwenye kichupa hakitakwambia kitu. Kinaonyesha joto lililozidi, si kuganda.

"Sista, na hii ya jioni?"

Akacheka, kisha akaacha. "Kaka, jioni niko leba. Nikisema nitajaza baadaye, sijazi. Na mkikuta pengo mnaniandikia barua."

Sikuwa na jibu. Mwaka jana, kwenye zahanati nyingine, mimi ndiye niliyependekeza mtu aandikiwe barua kwa karatasi yenye mapengo.

Saa 7. Penta zote tukazitoa, tukaziandika USITUMIE, nikampigia mratibu wa chanjo atume nyingine kabla ya kliniki ijayo. Kitufe cha kupandisha baridi ya friji kilikuwa kimezungushwa hadi mwisho, tukakirudisha.

Jioni nani asome? Tulizunguka na swali hilo hadi saa 10, pale mlinzi alipowahi kuingia zamu. Mzee wa makamo, namba anazijua, kalamu anayo. Sista akamwonyesha kipimajoto mara mbili, mara ya tatu mzee akasema, "Nimeona, mwanangu, siyo mtihani."

Saa 2 usiku, nyumbani, ripoti. Kwenye "chanzo cha tatizo" nilishaandika "uzembe". Nikafuta, nikaandika: mtumishi 1, zamu 2.

Simu ikaita mlio wa ujumbe. Mlinzi: "6. Huku mvua."