Punje 24 za shayiri: jeli ya nne, na kisa cha punje namba 17

Napima protini za punje 24 za shayiri kwa jeli, bamba laini ambamo umeme huzitenganisha kwa ukubwa ziwe mistari. Jeli ya tatu niliiharibu mwenyewe. Nilisahau merkaptoethanoli, kemikali ya kuvunja vifungo vya salfa vya protini, si kwenye alkoholi ya kuyeyushia protini tu, hata kwenye bafa, kimiminika cha kuchanganyia sampuli. Rangi ya buluu ilipooshwa, kwenye midomo ya vishimo vya sampuli palikuwa na doa zito, mistari ya hordeini (protini za akiba za shayiri, zenye makundi B, C na D) za kundi B imefifia, na ya D haipo kabisa. Ila mistari ya C ilikaa mahali pake, safi, kana kwamba sikukosea kitu. Ilinichukua vikombe viwili vya chai kuelewa: C haina sisteini, asidi amino yenye salfa, hivyo haina vifungo vya salfa. D na sehemu kubwa ya B zimeshikana kwa vifungo hivyo, na bila kuvivunja zinabaki bonge lisilopenya kwenye jeli. Picha yake sikuifuta.

Jeli ya nne nimerudia punje zile zile. Nakata punje kwa wembe. Nusu yenye kiinitete inaingia kwenye bahasha yenye namba, nusu nyingine nasaga. Isopropanoli ya asilimia 55, nyuzi 60, saa nzima. Raha ya njia hii ni kwamba punje unaipima na bado inaota.

Safari hii imetoka vizuri. D juu, mstari mmoja; C chini yake; halafu B, kundi zito lenye sehemu kubwa ya hordeini zote. Pakiti ilisema ni aina moja ya kienyeji. Wapi! Punje 15 zina sura moja ya mistari ya B, 8 zina sura nyingine. Na kila B inapobadilika, C nayo inabadilika. Si ajabu, maana jeni zao, Hor2 na Hor1, ziko kwenye mkono mfupi wa kromosomu 1H na mara nyingi hurithiwa pamoja. D, ambayo jeni yake iko mkono mrefu, ni ile ile kwa zote.

Imebaki namba 17, yenye sura zote mbili. Shayiri hujichavusha yenyewe, chotara si wa kuokota kila siku, kwa hiyo kwanza nilijishuku: huenda pipeti ilidondosha tone la jirani. Nikachukua unga wake uliobaki, nikauweka peke yake, vishimo vya kando vitupu. Mistari yote imerudi, ya sura ya pili ikiwa imekolea zaidi. Endospemu, sehemu ya akiba ya punje ninayoisaga, hupokea dozi mbili za jeni za mama na moja ya baba, kwa hiyo nadhani mama ni wa sura ya pili.

Nusu yake yenye kiinitete niliipanda siku ile ile. Imetoa majani mawili, membamba kuliko ya wenzake. Ikifika kutoa suke, nitapima punje zake: kama ni chotara kweli, takriban robo zitakuwa sura ya kwanza, robo ya pili, nusu zitakuwa kama yenyewe. Merkaptoethanoli nimeiandikia karatasi ya njano mlangoni.