Pindo la Kanga ya Bibi

Nimerejea jana kutoka Vanga, kijiji cha wavuvi kilicho kwenye pembe ya mwisho ya pwani ya Kenya, ambako mama alizaliwa na ambako bibi mzaa mama angali akiishi. Kila niendapo, jicho langu hutua kwenye pindo la kanga yake. Hulifungua taratibu kwa kidole gumba, na ndani mna noti zilizokunjwa mara nne, za Kenya na za Tanzania pamoja, zikinuka mafuta ya kukaangia, kwa maana bibi amekuwa mama karanga tangu ujana wake: hununua samaki ufukweni madau yanapofika, akawakaanga na kuwauza.

Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana kwamba mstari wa mpaka wao uanzie kwenye mlango wa mto Umba, hapa petu, uelekee Ziwa Jipe, uzunguke Kilimanjaro na kuishia Ziwa Viktoria. Wavumba na Wadigo, ambao jamaa na makaburi yao yalikuwa pande zote mbili, hawakuulizwa. Januari 1915 wenye mstari wenyewe wakapigana Jasini, mwendo mfupi kutoka kwetu. Mto haujawahi kuutambua mpaka huo: huanzia milima ya Usambara, na mvua kubwa ikinyesha Lushoto, maji huweza kuingia majumbani Vanga hata kama hapa halijadondoka tone.

Kinachoniuma zaidi ni lugha. Bibi husema Kivumba, lahaja ya Kiswahili inayosemwa Vanga na Wasini, nami nilipokuwa darasa la tatu mwalimu alinisimamisha mbele ya wenzangu kwa kuisema, akaiita makosa. Nilimwamini. Kwa miaka mingi nilimjibu bibi kwa Kiswahili cha vitabuni, naye hakunilaumu, ila alizidi kupunguza maneno aliyonipa. Safari hii nilimwomba anisimulie habari za Vumba Kuu, mji wa kale uliotawaliwa na Madiwani, yaani watawala wa Wavumba, na ambao magofu yake hayako mbali nasi, nikairekodi sauti yake kwa simu mpaka chaji ikaisha. Maneno mengi sikuyaelewa, lakini sikumkatiza. Nitarudi nayo moja moja, nimuulize maana, niyaandike.

Dada yake aliolewa Moa, ng'ambo ya mpaka, na tangu utotoni nilizoea kuwaona wakitembeleana kama watu wa mitaa miwili ya mji mmoja. Mei 2020 mpaka ulifungwa kwa wasafiri kwa sababu ya korona, na katika majuma hayo dada huyo akafariki. Alizikwa alasiri. Bibi alikaa barazani, simu sikioni, akisikia dua na vilio vya watu ambao siku nyingine yoyote angewafikia kabla ya adhuhuri. Mpaka ulipofunguliwa alikwenda, akakaa na wana wa dada yake siku saba, akarudi kimya.

Tangu hapo, hata sukari ikiisha nyumbani, zile noti za Tanzania hazitoi. Juzi nilimuuliza sababu. Alinijibu huku akilifunga pindo upya kwamba hizo ni za nauli na ubani, ili akiitwa usiku, atoke usiku huohuo.