Nani Atanunua LUKU?

Kwenye mkataba nimeandikwa Afisa Uchangishaji Fedha. Mama yangu kasema kwa hiyo nitakuwa nalipwa kuomba. Sijambishia.

Kituo chetu kinalea watoto hapa Dar, na nafasi hii haikuwepo. Walikuwa wakiegemea ruzuku ya nje. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, ikakatika, na bodi ikaamua pesa zitafutwe hapa hapa nyumbani. Ndipo nikaitwa mimi, mweka hazina wa kamati za harusi za ukoo mzima.

Msicheke. Kamati ya harusi ni chuo. Huko ndiko nilikojua kwamba ahadi siyo pesa, kwamba mtu hapigiwi simu tarehe 20 wakati mshahara umeshakata, na kwamba aliyetaja laki mbele ya wenzake hulipa upesi kuliko aliyetumiwa meseji. Tatizo ni kwamba harusi ina tarehe yake, ikipita mnapumzika. Watoto wanakula kila siku.

Stoo ndiyo imenishangaza. Mlezi mkuu, mama mtu mzima ambaye hata mkurugenzi humwamkia shikamoo, alinifungulia mlango: katoni za sabuni hadi karibu na dari, biskuti, juisi, pampasi za saizi ambayo hakuna mtoto wa kuivaa. Watu huja Ramadhani, Krismasi na siku zao za kuzaliwa, wanapiga picha na watoto, wanaondoka.

"Sabuni ninayo ya mwaka mzima, mwanangu," akaniambia. "Umeme je? Na hawa mabinti wa zamu ya usiku, niwalipe biskuti?"

Nimeshaamua. Picha ya mtoto simtumii mtu, na barua zangu zitaomba LUKU (umeme wa kulipia kabla), maji na mishahara ya walezi. Mkurugenzi anahofia kwamba vitu hivyo havivutii wachangiaji. Kweli havivutii, nani atapiga picha na mita? Lakini mimi siwezi kuomba sabuni nyingine huku nimeiona ile stoo.

Leo nimempigia mfanyabiashara mmoja wa Kariakoo. "Siku hizi mnaomba mpaka LUKU?" Nikamwambia ndiyo bosi, tena ya kila mwezi. Akanyamaza kidogo, kisha akataka namba ya mita anunue mwenyewe. Pesa kupitia mkononi mwangu hataki kusikia. Sawa tu. Muda si mrefu zile tarakimu 20 za kuingiza kwenye mita zikaingia kwenye simu yangu. Nikamshukuru, nikamtumia na namba ya malipo ya bili ya maji.