Nyuki aliyekuja chini ya mfenesi

Jumapili moja ya mwezi wa nne, saa moja na nusu asubuhi, nilisikia mlio chini ya mfenesi wetu hapa Muheza. Haukuwa wa nyuki wa mzinga. Ulikuwa mkali na wa kukatikakatika: zzz, kimya, zzz. Nikainama. Nyuki mnene mwenye mistari myeupe alikuwa amekumbatia ule unjano wa katikati ya ua langu la zambarau, anautikisa kwa mwili mzima. Niliganda pale mpaka chai ikapoa.

Ua lenyewe ni saintpaulia. Nyumbani tunaliita ua la Usambara. Mwaka 1892 mtawala Mjerumani wa huku, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwa baba yake Ujerumani, na mwaka uliofuata likapewa jina la ukoo wao. Leo limejaa madirishani Ulaya na Marekani, ilhali asili yake ni misitu ya milima ninayoiona nikisimama mlangoni, kwenye miamba yenye unyevu na kivuli.

Sikuling'oa msituni, na wewe nakusihi usifanye hivyo. Huko limebaki sehemu chache na miti inazidi kukatwa. Jirani alinipa jani. La kwanza liliniozea kwa maji mengi. La pili nilikata kikonyo nusu kidole, nikakichomeka kwenye mchanga uliochanganywa na mboji ya majani. Baada ya miezi miwili hivi vichipukizi vikatokeza. Namwagilia udongo tu, maana maji ya baridi huyatia majani mabaka.

Shida ilikuwa mbegu. Mwaka mzima maua yalichanua na kupukutika bila tunda. Ua hili halina asali. Lina chavua tu, tena imefungiwa katika vifuko vya njano, na nyuki wa mzinga hajui kuitikisa itoke. Huyu mgeni anajua: hutetemesha misuli ya mabawa, chavua ikammwagikia. Huishi peke yake, na kiota chake huchimba udongoni.

Hapo nikakumbuka ukingo wa udongo nyuma ya jiko, wenye matundu matundu, ambao baba watoto alikwisha kuununulia saruji aupige plasta. Nilimwita. Akachuchumaa, akasikiliza, akanyamaza. Saruji tumesakafia bafu, na chini ya mfenesi sasa kuna vitunda viwili vya kijani ambavyo navitazama kila asubuhi kabla sijawasha moto.