Saa nne usiku, maji yamekupwa

Ngalawa iliyonivurugia riwaya yangu ya upelelezi ilikuwa ukurasa wa 71. Muuaji aliipakia maiti pale Msasani, saa nne usiku, mbalamwezi imetanda, akaisukuma majini peke yake na kupiga kafi kimyakimya kuelekea kisiwa cha Bongoyo. Sura hiyo nilikuwa nimeipenda mno. Ndiyo niliyomsomea mzee mmoja wa soko la samaki la Feri, Agosti 2015, yeye kakalia ndoo iliyopinduliwa anaziba matundu ya nyavu.

Sindano ikasimama.

"Mwezi siku hiyo ulikuwa wa ngapi, mwanangu?"

"Kumi na nne, mzee wangu. Umekaribia kupevuka."

"Na saa nne ya usiku."

"Ndiyo."

"Basi ngalawa hiyo aliibeba kichwani."

Mimi ni mtoto wa Ilala. Bahari kwangu ilikuwa kitu cha kutazama kutoka kwenye pantoni. Mzee akachora kwa ncha ya sindano kwenye sakafu iliyolowa. Mwezi ukiandama, na ukipevuka, huwa ni bamvua, maji yanapopanda na kushuka kuliko siku nyingine: hujaa kuelekea saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa kuelekea saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku nyakati hizo husogea mbele kama dakika 50. Baada ya wiki moja mambo yamegeuka, saa nne ndiyo kujaa, ila hayo ni maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana. Wakati wa bamvua tofauti ya kujaa na kupwa hapa Dar es Salaam hupita mita 3, na ghuba ya Msasani ina kina kifupi, kwa hiyo maji yakitoka hutoka mbali. Hubaki mchanga, tope na majani ya baharini. Kuburuta ngalawa hapo ni kazi ya watu kadhaa na magogo ya kuitelezesha. Mtu mmoja, tena na maiti ndani, kutamkucha naye yuko palepale.

Nilitahayari, kwa sababu nilijidai mjuzi wa hadithi hizi. Bwana Msa, yule mpelelezi mvuta kiko wa Muhammed Said Abdulla, nilimjua tangu shule ya msingi, katika nakala isiyo na jalada ya Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu cha 1960. Baadaye nikahamia kwa Agatha Christie. Yeye alifanya kazi kwenye chumba cha dawa cha hospitali wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na ndiyo maana sumu katika vitabu vyake si za kubahatisha. Mimi bahari yangu niliipima wapi?

Nyumbani nilikuwa na kaunta buku la kwaya mbili, kila ukurasa umegawanywa safu tatu: kilichotokea kweli, kinachosemwa na watu, na anachokiona msomaji. Hadithi ya namna hii huanzia mwisho. Safu ya kwanza ikiwa na kosa, mbili zilizobaki zinajengwa hewani. Njia rahisi ilikuwa kusogeza mauaji siku saba mbele, maji yajae saa nne. Nilikwisha kuanza kufuta, halafu nikaona upumbavu wangu wenyewe una faida: niutoe safu ya kwanza niuhamishie ya pili. Kosa langu liwe la muuaji. Yeye ni karani wa ghala aliyetoka bara, na akihojiwa atasema saa ile ya mauaji alikuwa akishusha ngalawa akavue, maji yamefika kwenye minazi. Mvuvi hawezi kudanganya hivyo hata akilewa.

Ila msomaji lazima awe na kila alichonacho mpelelezi kabla siri haijafichuliwa, la sivyo umemwibia. Mwezi niliuweka sura ya pili: maulidi ya mtaani, usiku wa kumi na nne wa Mfungo Sita, mwezi wa Kiislamu unaohesabiwa kwa kuandama, watoto wanakimbizana nje bila taa. Saa nne niliiweka sura ya tano, katikati ya maelezo ya karani polisi, baada ya deni la shilingi na kabla ya ugomvi wa shemeji. Katikati ndipo jicho huteleza. Mwanzo na mwisho wa maelezo watu huvikumbuka. Na msomaji wa Dodoma asiyejua bamvua? Kwake niliandika sura ya saba: asubuhi iliyofuata, saa nne na nusu, kina mama wanachokoa pweza mbali kabisa na ufuko. Kutoka kupwa hadi kupwa ni saa 12 na dakika 25 hivi. Akihesabu kurudi nyuma, anamkamata karani bila kumjua mvuvi hata mmoja.

(Mwaka wa hadithi ni 1985, na sababu si mapenzi ya zamani. Simu ya mkononi huua mafumbo: mtu anapigiwa, anaulizwa uko wapi, kitabu kimekwisha.)

Baada ya majuma matatu nilirudi Feri na sura mpya. Mzee alinisikiliza akiendelea kushona, maulidi yakapita, polisi wakaja, deni likatajwa. Nilipofika "saa nne" sindano ikasimama tena.

"Ndiye huyu."

Nilikuwa na kurasa 90 mbele yangu. Nikamwomba aniambie ni neno gani hasa lililomshtua, akasema si saa, ni ile minazi: mtu anayedanganya huongeza pambo. Nikatoa kalamu nikaikata minazi palepale, nikabakiza "nikashusha ngalawa." Mzee akaniambia nisome tena, kuanzia maulidi.