Nilivyonasa mate ya kichocho kwa eksirei ya bibi

Aliyenipoteza ni kaka mmoja wa mwaka wa juu, tena alinipoteza kwa kujiamini. "Dogo, wamwage serikaria kwenye maji, waache saa mbili, chuja. Mate yao utayakuta humo." Nikamwamini wiki tatu nzima.

Serikaria ni wale viluwiluwi wa kichocho wanaotoka kwa konokono na kutuingia kupitia ngozi. Meno hawana. Wana tezi zilizojaa protini, ndiyo hayo mate, na iliyo maarufu ni elastasi, kimeng'enya kinachokatakata nyuzi za ngozi mpaka njia ipatikane. Dakika chache tu mdudu kapita, mkia kauacha nje. Elastasi hiyo ndiyo niliyoitafuta kwa utafiti wangu wa uzamili, Mwanza.

Konokono hawakunisumbua. Usiku gizani, asubuhi kwenye mwanga, saa tano maji yanacheza. (Maji ya bomba yakae wazi kwanza klorini itoke, la sivyo wanakufa wote. Na glavu usivue hata kwa kujikuna pua.) Kilichonishinda ni kipimo cha kujua kama elastasi imo. Vifaa vyake huagizwa nje, na bei ilikuwa posho yangu ya miezi miwili, labda mitatu.

Ndipo nikakumbuka picha ya nyonga ya bibi, iliyolala juu ya kabati tangu alipoanguka. Filamu ya eksirei imepakwa jelatini, na weusi wake ni chembe za fedha zilizoshikwa humo. Jelatini nayo ni protini: kimeng'enya kikiila, weusi unabanduka.

"Kata," bibi akasema, "ila mfupa wangu uuache."

Nikakata pembeni, vipande vya ukubwa wa stempu. Tone la kwanza, kimya. La kumi, kimya. Nikailaumu filamu. Nikaijaribu kwa utomvu wa papai bichi, ule unaolainisha nyama ngumu, nikapata doa la kijivu badala ya tundu. Siku mbili zikapita kabla sijagundua kwamba filamu imepakwa pande zote mbili! Nikasugua mgongo wake kwa jiki, nikasuuza, nikarudia papai. Tundu safi, unaona mpaka upande wa pili.

Basi filamu ilikuwa nzima. Mate ndiyo hayakuwemo. Serikaria hatemi ovyo majini; anayabana mpaka ahisi mafuta ya ngozi. Kaka yangu yule alinichujisha maji matupu.

Mafuta ya ngozi ninayo, tena paji langu la uso saa nane mchana lingekaanga yai. Nikalifuta kwa pamba yenye spiriti, nikapaka kisahani, nikaacha kikauke, nikawamwaga. Kwenye hadubini sikuamini macho: wakaacha kuogelea, wakaanza kutambaa chini wakinusanusa, mikia ikakatika mmoja mmoja. Nikachuja, nikaweka tone kwenye filamu, nikaifungia kwenye joto la mwili usiku kucha. Asubuhi, tundu! Tone lililochemshwa halikutoboa, wala la kisahani chenye mafuta bila serikaria. Nilipiga kelele mlinzi akaja.

Majivuno yalidumu mpaka nilipotenganisha protini zile kwenye jeli. Mstari mnene kuliko yote ulikuwa keratini, yaani protini ya ngozi ya mtu. Msimamizi akauliza, "Huyu ni mnyoo au ni wewe?" Nikajinyima, nikanunua kichupa cha asidi ya linoleiki, moja ya mafuta yanayowaamsha, na jeli ikatulia. Lakini kwa kujua tu kama mate yapo, paji la uso linatosha, na ni bure.

Bibi nilimrudishia nyonga yake nzima. Jina lake lilikuwa kwenye kona niliyoikata.