Nilivyochagua Linux Mint ya Xfce kwa kompyuta za steshenari

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft walisitisha masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10. Kompyuta zangu za dukani zina RAM ya GB 4 na prosesa za Intel za kizazi cha nne. Windows 11 haizitaki: inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, kizazi cha nane kwenda juu. Zinafanya kazi vizuri kabisa, na hela ya kuchapa barua na kutoa kopi hainunui mpya kirahisi. Nikaamua kuhamia Linux, mfumo endeshi wa bure unaochukua nafasi ya Windows.

Wengi huanza kwa kuuliza Linux ipi ni bora. Mimi nilianza na eneokazi, yaani sura ya skrini yenye menyu na madirisha, maana hicho ndicho dada anayenisaidia kuchapa atakachokitazama kutwa nzima. Linux ina maeneokazi kadhaa. GNOME ni nzuri, lakini inakula RAM na mpangilio wake ungemfanya ajifunze upya. KDE Plasma ina mipangilio mingi kuliko tunavyohitaji. Xfce, iliyoanza mwaka 1996, ni nyepesi, na kwenye Mint, mojawapo ya matoleo ya Linux, menyu yake iko chini kushoto, pale pale alipozoea. Na Mint 22, iliyojengwa juu ya Linux nyingine iitwayo Ubuntu 24.04, itapata masasisho hadi 2029. Kwa duka, muda huo una maana kubwa.

Sikugusa diski kwanza. Niliiweka Mint kwenye flashi, nikawasha kompyuta kupitia hiyo flashi, nikajaribu vitu vinavyotuingizia hela. Printa ya HP ilitambuliwa papo hapo, na skana pia. Wi-Fi ya kompyuta moja iligoma, nikachomeka simu kwa waya wa USB ili itoe intaneti, kisha Meneja wa Draiva, programu ya Mint ya kutafuta draiva, akaleta kilichokosekana.

Jaribio zito lilikuwa CV za wateja. Nyingi zimeandikwa kwa Word, fonti ya Calibri. Nilihakikisha fonti ya Carlito ipo, kwa sababu herufi zake zina upana uleule wa Calibri, hivyo kwenye LibreOffice, programu tunayoitumia badala ya Word, mistari haihami na CV ya kurasa mbili haigeuki tatu. Majedwali na visanduku vya maandishi bado huyumba mara nyingine. Kwa hizo tunamwomba mteja alete PDF.

Faida iliyonifurahisha zaidi ni kwenye flashi za wateja. Kirusi cha shotikati huficha mafaili ya mtu na kumwachia vialama bandia vya njia ya mkato, vyenye majina yanayoishia na .lnk, naye anakuja dukani akiamini kazi yake imepotea. Linux haijali ule ufichaji wa Windows, kwa hiyo mafaili yote yanaonekana, na kirusi hakiwezi kujiendesha chenyewe. Tunamchapia kazi yake, halafu tunafuta hizo .lnk kabla hajaondoka na flashi, hasa kama anakwenda kuichomeka kwenye Windows.